Mkono wa Mlango wa Bafu

Nitawasimulia hii mara moja tu, na mkikutana na mke wangu mjifanye hamjui lolote, maana mpaka leo nikipita sokoni Ruiri kuna mama mmoja muuza viazi ambaye akiniona hutazama juu kwanza, kama anayetafuta miguu hewani, halafu ndipo ananisalimia. Mimi namjibu vizuri na kununua viazi hata kama nyumbani viko. Ukishaaibika mbele ya wakwe unakuwa mteja wa kila aliyekuwepo.

Ili mnielewe, lazima mjue kwamba mimi sijui kungoja. Chai ikiwa jikoni nitafunua sufuria na kufunua tena kabla haijachemka, kwa daktari nitasimama mlangoni wakati wagonjwa wenzangu wamekaa, na ofisini kwetu Meru mjini, ambako mimi ni karani, wananiita Moto (jina ambalo mwanzoni nilidhani ni sifa). Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kujenga nyumba, na kujenga, jamani, ni kungoja tu. Unangoja msingi ukauke, unangoja lori la mchanga, unangoja fundi ambaye amekwambia yuko njiani na huku kwa simu unasikia jogoo wake akiwika.

Na sikuwa najenga kwa maringo. Tangu nimwoe Wawira tulikuwa tunaishi chumba cha kupanga pale Majengo, nyuma ya bucha, tukamzaa humo binti yetu Kendi, na miaka yote hiyo mama yake Wawira hakuwahi kukanyaga kwetu wala kunywa kikombe cha chai kilichomiminwa na binti yake. Si kwamba alinichukia. Wawira ni mtu wa Kianjokoma, huko Embu, na kwao kama kwetu mama mkwe haendi kwa mkwe wake kama anayepitia dukani. Anaalikwa, anasindikizwa na watu wake, na anaingia kwenye nyumba, si kwenye chumba ambacho ukuta mmoja ni wa jirani. Halafu kuna nthoni, ile heshima kati ya mkwe na mama mkwe: hamshikani mikono, hamwangaliani usoni, hamkai benchi moja, na mkiwa na neno la kuambiana mnalipitisha kwa mtu wa tatu hata kama mmesimama karibu. Najua siku hizi kuna watu wanaopiga picha wamemkumbatia mama mkwe. Mama yake Wawira si wa kundi hilo, na mimi nilimheshimu mpaka heshima yenyewe ikawa hofu.

Wawira hakuwa mtu wa kulalamika. Ila rafiki zake wakianza kuhadithia jinsi mama fulani alivyokuja kuona wajukuu, akalala, akapika, yeye aliinuka na kuanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Ndipo nikanunua ploti Ruiri nikaanza kujenga.

Balaa lilianzia kwenye simu. Mzee Njeru, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu na ndiye msemaji wa familia yao, alinipigia akauliza nyumba imefika wapi, na mimi nikiwa nimesimama katikati ya sebule isiyo na plasta wala vioo nikamjibu, "Imeisha, mzee, ni kupaka rangi tu." Nafikiri nilikuwa nimechoka kusikia sauti yangu ikisema bado. Mzee akafurahi, akasema basi watamleta mama, akataja Jumamosi, na siku ikishatajwa na upande wa mke huwezi kuisogeza hata mvua ya mawe ikinyesha. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayejenga ndio huo: usimtajie mtu siku ya kuja kabla wewe mwenyewe hujalala humo ndani na kuoga na kupika na kukosana na mke wako humo.

Basi nikaanza kukimbia. Fundi wetu aliitwa Mwiti, mtu mchangamfu ambaye hajawahi kuita kazi yoyote ngumu, na kila nikimwuliza jambo jibu lake lilikuwa lile lile, "Bosi, hiyo ni kugusa tu." Rangi ilipakwa juu ya plasta mbichi. Bodi za dari zikawekwa sebuleni na bafuni, ambako wageni wangetazama, lakini korido ikaachwa wazi mpaka unaona mabati. Choo cha shimo walichokuwa wakitumia mafundi kule nyuma nikaamuru kifukiwe, kwa sababu kilikuwa kinaharibu sura ya boma, na kwa sababu bafuni tulikuwa na choo cha kisasa, cheupe, cha kuvuta maji, ambacho nilikuwa namwonyesha kila apitaye utadhani ni ng'ombe wa gredi.

Jumamosi asubuhi tenti iko uani, mbuzi yuko motoni, akina mama wa kanisa wanaponda mukimo wa viazi na mahindi, ndipo nikaona kwamba mlango wa mbele hauna mkono upande wa nje. Tundu tu. Mwiti alikuwa amehesabu milango vibaya (na mimi mwenye nyumba sikuwa nimehesabu kabisa), na duka la vifaa pale Ruiri halikuwa na aina ile. Nikamwambia ang'oe wa bafuni, ule wa upande wa ndani, auweke huku mbele. Nani atajua? Mtu akiingia bafuni hutazama kioo, hatazami mlango. Wawira alikuwa anapita na sinia la vikombe akasimama.

"Baba Kendi, na mtu akifunga?"

"Hatafunga. Atarudisha tu."

"Si ungeacha tu hiyo ya mbele hivyo hivyo. Watu wetu hawakuji kuangalia milango."

Nikamwambia aniachie mambo ya ujenzi. Mwiti akang'oa ule mkono pamoja na kile chuma cha mraba kinachounganisha mkono wa ndani na wa nje, kwa hiyo ule wa nje wa bafuni ukabaki pambo, ukiuzungusha unazunguka bure. Akaufunga kwenye mlango wa mbele, ukang'aa, nikaufungua na kuufunga mara kadhaa kwa furaha. Kisha akakusanya bisibisi na nyundo zake akasema anapita kwao kidogo kunywa chai. Nilimruhusu kwa moyo mweupe. Nilikuwa na hamu ya kumwona akitoka na vumbi lake kabla wageni hawajafika.

Wakafika. Mama mkwe alishuka polepole, mrefu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, akasimama akaitazama nyumba kutoka paa mpaka msingi kama mtu anayepima urefu wake kwa macho, na mimi nikiwa nimejificha nyuma ya gari (ndiyo, nyuma ya gari lao, nikijifanya naangalia tairi) nikamsikia akimwambia binti yake, "Nyumba ni nzuri." Sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha kama ile. Nilitoka pale nikaanza kuzunguka: niangalie mbuzi, niangalie maji, ninyooshe kiti kilichonyooka. Mchungaji akaombea nyumba, akaombea milango na madirisha, akaombea hata mabomba, na mimi katikati ya maombi nilifungua macho kuona kama sufuria ya wali haiungui.

Kabla chakula hakijapakuliwa, mama mkwe akamnong'oneza Wawira. Wawira akatazama kule nyuma ambako choo cha shimo kilikuwa jana, akaona kifusi cha udongo mwekundu, akanitazama mimi. Mwanamke wa umri ule kuingia choo kimoja na mkwe wake, tena ndani ya nyumba, ni jambo zito, na ningelifikiria hilo kama ningekuwa mtu wa kufikiria. Lakini angeenda wapi? Wawira akampeleka bafuni, akamwambia asifunge mlango, aurudishe tu, kisha yeye akaitwa jikoni. Upepo wa Ruiri mnaujua, unatoka nyanda za chini hauna adabu, na dirisha la jikoni lilikuwa bado halijawekwa kioo. Mlango ukajipiga. Niliusikia nikiwa tentini, nikatoka mbio.

Tulipofika koridoni yeye alikuwa ametulia kuliko sisi wote.

"Wawira," akasema kutoka ndani. "Mlango hauna mkono."

Kuurudisha ule mkono kutoka mlango wa mbele kulihitaji bisibisi, na bisibisi zote alikuwa nazo Mwiti; nikampigia, akasema yuko njiani. Nikatuma kijana na pikipiki amfuate. Dirisha la bafu lina grili ambayo mimi mwenyewe nilisimamia ichomelewe mpaka mwizi akate tamaa. Kuvunja mlango, Mzee Njeru alikataa: nyumba imeombewa sasa hivi, haivunjwi sasa hivi, na tena mama yuko nyuma ya huo mlango, chumba chenyewe ni chembamba. Halafu yeye mwenyewe akasema alishawahi kufungua kitasa kwa kisu, akaomba kile cha kukatia nyama, akauchomoa ule mkono wa pambo, akakitia kwenye tundu, akakizungusha kwa nguvu za uzeeni, na ncha ikakatikia ndani. Akakitazama kisu, akakiweka chini, akaenda kukaa. Ningemwambia nini? Ni mkwe.

"Wacha tungoje fundi," Wawira akaniambia. "Mama amekaa, hana shida. Ongoza wageni wakule."

Lilikuwa neno la busara na mimi nililisikia vizuri. Lakini nilitoka nje nikaona watu mia wananitazama (labda hawakufika mia), nyama inapoa, mchungaji anaangalia saa, nikazunguka nyumba upande huu, nikazunguka upande ule, nikasimama chini ya dirisha la bafu kisha nikakumbuka si mahali pangu pa kusimama nikaruka kama niliyekanyaga moto. Miguu ilikataa kutulia. Ndipo nikakumbuka korido haina dari. Mtu akipanda pale anaweza kutambaa juu ya mbao za paa mpaka bafuni, akainua bodi kidogo pembeni, akamdondoshea mama plaizi, naye akavuta ile ncha ya kisu kwa ndani na kuzungusha kitasa kwa plaizi hiyo hiyo. Uso kwa uso hakuna. Nthoni haivunjwi. Niliona ni akili nyingi mno kumshirikisha mtu, kwa hiyo nikachukua ngazi, nikatia plaizi mfukoni, nikapanda na suti yangu ya harusi.

Kutambaa kulikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa ile bodi, kwa sababu Mwiti, ambaye kila kitu kwake kilikuwa kugusa tu, hiyo alikuwa ameipigilia misumari kama jeneza. Nikaivuta, ikakataa. Nikaisukuma kidogo kwa mguu. Nikaisukuma tena kidogo.

Nilishtukia kifua changu kiko juu ya dari na miguu yangu haiko. Boriti ilikuwa imenidaka kwapani, bodi imepasuka imenibana kiunoni, na kutoka hapo kushuka chini nilikuwa ndani ya bafu pamoja na mama mkwe. Kiatu kimoja kikachomoka, na kwa mlio niliousikia kilitua kwenye kile choo cheupe. Soksi ya mguu huo ilikuwa na tundu kisiginoni. Nalikumbuka tundu hilo kuliko ninavyokumbuka harusi yangu.

Nikasikia ile sauti iliyotulia.

"Wawira."

"Mama."

"Kuna mtu amekuja."

"Ni nani?"

"Sijaona uso."

Wawira akaniita. "Baba Kendi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua tayari, "uko wapi?"

"Niko huku," nikajibu kutoka juu ya dari.

Basi sasa sikilizeni jinsi heshima inavyofanya kazi. Mama mkwe alikuwa karibu na magoti yangu, angeweza kuyagonga kama mlango, lakini neno lolote lililotoka kwake lilipita chini ya mlango, likamfikia Wawira koridoni, Wawira akainua uso akalirusha kwenye mbao za paa, ndipo likanifikia mimi.

"Mwambie asirushe miguu. Vumbi linaniingia machoni."

"Anasema usirushe miguu."

"Mwambie pole."

"Anasema pole, mama."

"Nimesikia. Mwambie mguu wa kulia, ashushe kidogo, kuna sinki."

"Mguu wa kulia, Baba Kendi. Kuna sinki."

Nikashusha mguu wa kulia, nikaikuta sinki, nikamshukuru Mungu, nikaiwekea uzito wangu wote. Hapo ndipo nilipojua kwamba sinki ile ilikuwa imeshikwa ukutani na rangi peke yake. Iling'oka, bomba likakatika, nikashuka na kipande cha dari kiunoni na maji yakaanza kuruka kama ya mfereji wa kunyunyizia mboga. Nilichofanya kwanza, kabla hata ya kujua kama nimevunjika, ni kukimbilia pembeni na kugeukia ukuta, uso kwenye plasta, mikono machoni, kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa. Nikatoa plaizi mfukoni nikainyoosha nyuma bila kutazama. Ikachukuliwa. Sikuguswa hata kidole. Nikasikia chuma kikikwaruzana, ncha ya kisu ikadondoka sakafuni, plaizi ikazungushwa kwenye tundu, na mlango ukafunguka.

Koridoni kulikuwa na kila mtu. Akina mama wa mukimo, mchungaji, Mzee Njeru, yule muuza viazi, wote. Mama mkwe akatoka ameloa, kitambaa kimelegea, kichwa juu, akapita katikati yao kama anayetoka kanisani. Mimi nikatoka nyuma yake kinyumenyume, nina kiatu kimoja. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza, maana nilisikia wote wakijizuia kwa wakati mmoja.

Mzee Njeru akanipeleka kando, nyuma ya tangi la maji.

"Kijana wangu, sisi hatujakasirika," akasema. "Lakini umeingia mahali mama alikuwa. Tena umeingia kutoka juu. Hiyo sijawahi kusikia hata kwa wazee wenyewe."

"Ni ajali, mzee."

"Najua ni ajali. Lakini iko na mbuzi yake, lazima iletwe kwetu, tuongee, iishe vizuri. Mpaka hapo mama hawezi kukula hapa, wala kunywa. Hata maji."

Nilirudi nikakuta Wawira amesimama sebuleni na kikombe. Alikuwa ameshaimimina ile chai, kikombe kipya chenye maua alichokinunua tukiwa bado Majengo na kukataa kisitumiwe na mtu mwingine. Mzee Njeru akamwambia pole pole kwa Kiembu, neno moja moja. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia, akakirudisha kikombe jikoni bila kumwaga hata tone. Nilitamani angenitukana. Wakwe wakaondoka bila kula, gari likiwa tayari linanguruma mama mkwe akamwita binti yake dirishani akamwambia, "Mwambie apake mguu dawa, unatoka damu." Nikatazama chini nikaona kweli unatoka.

Wageni wengine walikula, nyama haina hatia. Jioni, Mwiti akiwa hatimaye amefika na kufunga maji (akisema, bila kunitazama, kwamba sinki ni kugusa tu), nilimkuta Wawira ameketi kwenye ngazi ya mbele.

"Mimi sikukwambia nataka nyumba ya kuonyesha watu," akasema. "Nilitaka mama akunywe chai yangu. Ungemwambia Mzee Njeru ukweli, bado, angengoja. Mama amengoja miaka yote. Ni wewe hukuweza."

Nilikuwa nimejiambia nakimbia kwa ajili yake, kumbe nilikuwa nakimbia kwa ajili ya miguu yangu mwenyewe. Iliniuma sana.

Mbuzi nilimpeleka Kianjokoma mwenyewe, mnono, wakampokea, wakazungumza, yakaisha. Sinki sasa imeshikwa na vyuma. Choo cha nje kimejengwa upya, na kila mlango una mikono yake miwili, nimeingia kila chumba nikajifungia ndani nikajifungulia, na nawasihi mnaojenga mfanye hivyo kabla ya kumwalika hata paka. Mhesabu vitasa wenyewe. Msimruhusu fundi aende na bisibisi. Na mimi nimeapa, mbele ya mke wangu, kwamba sitamwuliza mtu yeyote mama atarudi lini, kwa sababu siku hiyo ataitaja yeye, akitaka.

Juzi Wawira alikuwa akiongea naye kwa simu, nami nikaja nikasimama mlangoni, nikaondoka, nikarudi, nikajifanya natafuta kiberiti. Akafunika simu kwa kiganja.

"Mama anauliza ni nani huyo anatembea-tembea."

"Mwambie ni mimi."

Akamwambia. Akasikiliza kidogo, kisha akanigeukia.

"Anasema ukijifunza kukaa chini, atakuja."

Nikavuta kiti, nikakaa.